Usitume kavideyo bila jina: namna ya kugawa mimbo na bavideyo muzuri unapataka ku intaneti

Siku moya mu grupe yetu ya WhatsApp ya hapa Lubumbashi muntu mumoya alitia kavideyo ka dakika karibu tatu, foto ya muzee na gitare, foto yenyewe haitembee, paka sauti njo inaendelea. Chini aliandika "Kenya ya zamani" na tu-emoji twa moto. Bantu bakapenda, mumoya akasema eh Bakenya balijuaka gitare, mwingine akasema ile njo mizizi ya muziki ya Nairobi, na mimi mwenyewe nikaipitisha mu bagrupe tatu bila kuwaza ata kidogo. Kisha masaa mbili hivi, papa mumoya wa Kamalondo, mwenye hasemake mingi mu grupe, akatia vokale. Akasema batoto, huyu haina Mukenya, huyu ni Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, na walimurekodi pa Jadotville, njo Likasi ya leo, hapa hapa kilometa 120 na kwetu. Kama munataka Kenya, akasema, Kenya yetu iko pale, komine ya hapa mu muji, munaweza kwenda na miguu.

Nilisikia haya kabisa. Nilienda kutafuta mwenyewe, na papa alisema kweli. Hugh Tracey, ule mwenye alikuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alimurekodi Mwenda mu 1952, kijana wa miaka 22 tu, anapiga gitare na bidole mbili, kikumba na kile kya kufwata, na ukisikia unaapa ni bantu babili benye kupiga. Ile mwimbo inaitwa Masanga. Leo kazi ya Tracey inalindwa ku maktaba ya muziki ya Afrika yenye alianzisha mu 1954, iko Makhanda kule Afrika ya Kusini, ku univerisite ya Rhodes. Na juu nini bantu banasemaka Kenya? Juu Mwenda alifikaka Nairobi mwisho ya miaka ya 50, akapiga ku radio ya kule, na Edouard Masengo wa kwetu naye alifanya kazi kule. Badiske yabo ilizunguka sana Afrika ya Mashariki. Njo leo ukitafuta ku intaneti unawapata mu bakasha ya Kenya, na muntu mwenye haulize anaona basi ni ba kule.

Kutoka ile siku nilibadilisha namna yangu ya kupartaje. Nikitazama vile kavideyo kanatembeaka, kila mukono yenye kanapita inakata kitu. Wa kwanza anakata kichwa juu iko murefu, wa pili anakata jina ya mwenye kuimba juu haijue, wa tatu anakata mahali, wa kine anatia emoji ya moto, na mwisho kintu kizuri kya Likasi, kya Katuba, kya Kolwezi kinabaki yatima mu telefone ya bantu elfu. Mwenye alikifanya hapate ata asante. Kwa hiyo ile yote nitaandika hapa iko juu ya jambo moya: kintu unachogawa kitoke ku mukono yako na jina yake, na kwabo, na neno moya ya kusema juu nini unakileta.

Kwanza angalia mushale

Mbele ya kupitisha kintu kya WhatsApp angalia juu yake. Kama kuko kamushale kamoya na neno ya kusema imepitishwa, ilitoka ku muntu mwingine. Kama ni mishale mbili pamoya, ile ilipita mikono tano ao zaidi mbele ya kufika kwako. WhatsApp ilianza kuonyesha alama ya kupitisha mu 2018, na tangu Aprili 2020 kintu kya mishale mbili unaweza kukituma ku mazungumuzo moya tu kwa mara moya. Haisemi kama kintu ni cha uongo. Inasema tu njia ni murefu, na njia murefu njo inapotezaka majina. Kwa hiyo nikiona mishale mbili sibonyeze, ninaanza kutafuta.

Na ingine yenye inaonekana ndogo lakini bantu habafanyake: angalia mupaka mwisho. Yote. Kavideyo ka dakika ine, watu banaangalia sekonde kumi na tano, banacheka, banatuma. Kisha ku dakika ya tatu kuko jina ya mwenye kufanya imeandikwa kubwa, ao kuko kintu kya haya chenye haukutaka mama yako aone mu grupe ya famille. Mimi ilinifikiaka ile ya pili, sitaki nieleze.

Kutafuta mwenye kintu

Hapa njo kazi yenyewe, na ninaipenda sana, juu mara mingi unatafuta kamwimbo kamoya unapata kumi.

Kama ni mwimbo mupya ao yenye inajulikana, Shazam ao ile ya Google ya kuimba na kinywa inatosha. Tangu 2020 unaweza kumuvumia Google mwimbo, na pua ao na midomo, bila maneno, na anajaribu kuitambua. Lakini kwa mimbo yetu ya zamani, ile ya bakasete, ile yenye walirekodi fashi moya na mikro moya, Shazam anabaki kimya mara mingi. Anatambua sauti kwa kuilinganisha na zile zenye ziko mu hifadhi yake, na kama mwimbo haikuingia mule hakuna kya kulinganisha, ata upige mara kumi.

Basi sikiliza maneno. Chagua mustari moya wenye unasikia muzuri, uandike kati ya alama za kunukuu, uongeze jina ya muji. Na hapa njo siri kubwa yenye ninataka ushike kuliko yote: majina ya huku yalibadilika, na intaneti inakumbuka yale ya zamani. Lubumbashi ilikuwa Elisabethville mupaka 1966. Likasi ilikuwa Jadotville mupaka ule ule mwaka. Inchi yetu, Kongo, ilikuwa Zaïre kutoka 1971 mupaka 1997, na Katanga ikaitwa Shaba mu ile miaka. Ukiandika "Lubumbashi 1955" hautapata mingi, ukiandika "Elisabethville 1955" milango inafunguka, bafoto, badiske, bafilme bifupi bya wakati wa Babeleji. Ukitafuta teatre ya miaka ya 70, ile ya kundi ya Mufwankolo yenye bazee banaikumbukaka na kucheka peke yabo, tia neno Shaba, tia Zaïre, usitie Katanga peke yake.

Na majina ya bantu vile vile. Mu 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, kila muntu akatafuta jina ya bankambo. Njo juu yake Mwenda Jean Bosco unamupata pia kama Mwenda wa Bayeke. Franco, mwanamuziki mukubwa wa Kongo, ni Luambo Makiadi. Rochereau, mwimbaji naye, ni Tabu Ley. Muntu mumoya, majina mbili, na kazi yake imegawanyika mu makasha mbili, kwa hiyo tafuta kwa yote mbili. Ata ala za muziki: huku tunasema karindula, ile banjo kubwa ya pipa ya mafuta na ngozi ya mbuzi yenye mwenye kuipiga anaikalia ao anaiinamia, lakini ngambo ya mupaka ku Zambia banaandika kalindula, na L. Ukitafuta na R tu, unakosa nusu.

Kama ni videyo bila mwimbo ya kutambua, simamisha pa fashi yenye picha iko wazi, uso ya muntu, ao ukuta yenye maandishi, ao gari yenye plake inasomeka, piga kapture, na uitie mu Google Lens. TinEye, nayo ya kutafuta picha, iko muzuri juu inaweza kukupangia kutoka ya zamani kabisa, na ya zamani kabisa mara mingi iko karibu na mwenye kuifanya. Angalia pia tarehe. Tarehe ya YouTube ni siku walitia videyo kule, haina siku walifanya, bantu wanachanganya ile kila siku. Konsa ya 1985 yenye mutu alitia mu 2014 haiwe konsa ya 2014.

TikTok nayo iko na mutego wake. Ile alama na jina yenye inaruka ruka mu kona ya videyo inaonyesha konti yenye ilitia ile videyo kule, haionyeshe mwenye kuifanya. Nimeona kavideyo ka bacheza wa Kampemba na alama ya konti ya Ulaya juu yake, konti yenye kazi yake ni kuchukua bya bantu na kubitia tena. Kama jina ya konti ni ya kukusanya kusanya tu, endelea kutafuta, soma komantere, juu mara mingi kuko ndugu ao jirani chini kabisa anaandika "huyu ni kaka yangu, muangalie konti yake".

Mufano ya kuchanganya bantu, na huyu ni wa kwetu kabisa. Kuko Baloji, mwenye ku-rap na kufanya filme, alizaliwa Lubumbashi mu 1978, akakomalia Ubeljiji, na filme yake ilipata prize ku Cannes mu 2023. Na kuko Sammy Baloji, fotografe, naye alizaliwa Lubumbashi, naye mu 1978, ni mumoya wa bale balianzisha biennale ya Lubumbashi mu 2008, na anafanya kazi ya bafoto juu ya mine na juu ya wakati wa ukoloni. Bantu babili, jina moya, muji moya, mwaka moya. Nimeshaona mara nne ao tano foto ya mumoya na maneno ya mwingine. Kama unapartaje kazi ya mumoya, dakika moya tu ya kuhakikisha, juu bote babili ni ba kwetu na kila mumoya anastahili yake.

Na Indépendance Cha Cha? Si ya Franco, ata kama muntu alikuapia. Ni ya Grand Kallé na African Jazz, waliipiga Bruxelles mu 1960 wakati wa ile mikutano ya kulomba uhuru. Minaisema hapa juu kila tarehe 30 Juni ninaipata mu statu za bantu na jina ya Franco juu yake.

Maneno ya kutia chini

Sasa uko na kintu na unajua mwenyewe. Andika. Usiogope kuandika, na usiandike kitabu. Mistari mbili ao tatu, kwa Kiswahili yako ya kila siku. Mimi ninatia mwenye kufanya, mahali na mwaka kama ninajua, kisha kintu kimoya kya kuangalia ao kya kusikia. Kile kya mwisho njo kinafanya muntu abonyeze. "Angalia hii ni moto" haisemi kintu, kila mutu anasema vile kwa kila kintu. Lakini ukisema "sikiliza pa dakika moya na nusu, gitare ya pili inaingia kimya kimya" muntu anaenda kusikiliza ile gitare.

Nikupe mufano. Bote tunajua ile videyo ya kipa anaruka ruka juu ya matako yake mu uwanja, mikono chini, anazunguka sawa mupira yenyewe. Inazunguka dunia na maneno ya Kiingereza ya kucheka, kipa wa kichekesho, Afrika hivi, Afrika vile, hakuna jina. Mimi ninaituma hivi:

"Huyu ni Robert Kidiaba, kipa wa TP Mazembe yetu, Abu Dhabi, 14 Desemba 2010. Wametoka kupiga Internacional ya Brazil 2-0 mu nusu fainali ya Kombe ya dunia ya baklabu, na Mazembe ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali. Angalia uso wake, hachezi tu, anajua nini walifanya."

Unaona, kavideyo ni kale kale, sekonde kumi. Lakini sasa mutoto wa miaka kumi na mbili mwenye hakuwa amezaliwa anaelewa juu nini baba yake alilia ile siku. Na yenye ilifwata, kupigwa 3-0 na Inter, siifiche kama muntu anauliza. Inaenda pamoya.

Kama haujue jina, sema haujue. Andika "nimetafuta sikupata, mwenye kujua atuambie". Ile sentensi ilinipatia majina mingi kuliko Google, juu mu bagrupe yetu kuko bamama na bapapa benye walikuwa mu zile bal, zile fete za kucheza, na hawasemake mupaka muntu abaulize. Kubahatisha tu njo mubaya. Jina ya uongo inatembea mbio sana, na kuirudisha nyuma ni kazi ya miaka.

Linki ao faili

Linki, ao lien vile wengine wanasemaka, inafaidisha mwenye kufanya. Muntu akibonyeza anafika ku sheni yake ya YouTube, anahesabiwa, anaona mimbo zake zingine, pengine anajiandikisha. Faili mu WhatsApp haimupe kintu. Kwa hiyo mimi ninatuma linki kila mara kama msanii yuko hai na yuko na sheni yake, ata kama bantu banalalamika.

Lakini minajua juu nini banalalamika, ni bamega, ile data ya intaneti. Tuhesabu pamoya. Videyo ya YouTube ku ubora ya 360 inakula karibu mega 5 kwa dakika, ku 720 inaweza kufika 15 na zaidi. Sauti peke yake, MP3 ya kawaida ya 128, ni mega 1 hivi kwa dakika. Sasa wewe unatia mu grupe ya bantu 60 videyo ya mega 20, na tuseme telefone zabo zote zinapakua zenyewe bila kuuliza. Ile ni mega 1200 zenye umetumia, za forfe, ile bando ya intaneti, ya bantu bengine, kwa kavideyo kenye pengine nusu yabo habatakake. Mama mwenye alinunua forfe ya siku juu ya kuongea na mutoto wake wa Kolwezi anaona imeisha saa ine asubuyi. Ile ni jambo ya heshima.

Basi fanya hivi. Tia linki, na chini yake kipande ya sekonde ishirini ao thelathini tu, ile sehemu muzuri kabisa, bantu baonje. Kama ni mwimbo, tia sauti bila picha. Mwenye kuipenda ataifwata kwenye linki saa yenye ako na wi-fi. Na andika ukubwa: "linki, dakika 7, mungojee wi-fi". Bantu banashukuru kweli. Mwambie pia kila mutu mu grupe aingie mu bareglaje ya WhatsApp, pa fashi ya hifadhi na data, azimishe kupakua peke yake wakati anatumia bamega. Ni kazi ya dakika moya, mimi nilizungukia bashangazi bangu bote nikabafanyia.

Kama kinyume chake unataka videyo ifike na ubora yake, juu WhatsApp inakamua picha mupaka inabaki ukungu, itume kama dokima (document), si kama videyo ya kawaida. Inapita vile ilivyo. Lakini ile kwa muntu mumoya mwenye umemuuliza, si mu grupe.

Mbele ya kutuma linki, isafishe. Linki ya YouTube mara mingi inakuya na mukia, alama ya kuuliza kisha si= na maherufi mingi. Ile mukia haina kazi kwako, inasaidia tu kufwata linki ilitoka wapi, ifute na linki itatumika. Ya TikTok vile vile, ile yenye inakuja na konti yako ndani, mwenye kupokea anaweza kuona ni wewe ulituma na konti yako ya siri inajulikana. Na kama unataka muntu aanze pa fashi fulani, ongeza ?t= na hesabu ya sekonde ku mwisho ya linki fupi ya YouTube. Dakika moya na sekonde thelathini na tano ni t=95. Konsa ya masaa mbili bila ile, hakuna mutu ataona kile ulitaka aone.

Nani, na saa gani

Hapa ninapita mbio. Usitupe kila kintu kila fashi. Kintu kimoya kwa muntu mumoya, na "nilikuwaza wewe juu ya hii", inashinda kutuma mu bagrupe kumi. Mimi niko na kaka wa gitare, niko na binamu wa bafilme, niko na jirani mwenye kukusanya bafoto za gari za zamani, kila mumoya ninajua nini kitamufurahisha. Grupe ya famille ninaiachia kintu kimoya kwa juma, siku ya yenga (Jumapili) mangaribi, wakati bantu baliisha kula na batoto bako karibu, banaangalia pamoya ku telefone moya. Ukitia bitano kwa siku, bantu banakunyamazisha, na siku utaleta kile kikubwa hakuna mwenye atakiona.

Bya kuacha

Kuko tuvideyo twa bantu wanalia, twa bagonjwa, twa batoto ya mashule wanapigana, twa mwanamuke walimurekodi bila yeye kujua. Tunachekesha bengine, tunatembea sana, na bantu banasema "lakini iko ku intaneti tayari". Iko, ndiyo. Wewe usiwe mukono ingine. Yule muntu anaishi pengine Ruashi ao Katuba, anaenda soko, na kila siku kuko mutu mupya anamutambua. Ukipokea kale, kasimame kwako. Minasema ile kwa nguvu juu niliona muntu wa karibu nami kuhama muji juu ya sekonde ishirini za telefone ya mwingine.

Na siku hizi kuko sauti za mashini, mwimbo mupya ya msanii wa zamani, sauti yake kabisa, lakini hakuiimba kamwe. Angalia sheni yake ya kweli ao ya famille yake. Kama haiko kule, na konti yenye kuituma haina jina ya muntu, andika wazi kama ni ya mashini ao usitume.

Ukikosea

Utakosea, kila mwenye kugawa anakosea. WhatsApp inakupa dakika 15 za kurekebisha ujumbe uliandika, tumia ile. Kama imepita, futa kwa bote na tuma upya na jina ya kweli, ao kama bantu walishajibu, jibu juu ya ile ile ujumbe: "nilikosea, ni ya fulani, asante kwa papa mwenye alinisahihisha". Mutaje mwenye kukusahihisha. Kisha, na hapa njo bantu banaachaka, fwata kule kote ulituma. Mimi ile siku ya Mwenda nilirudia mu bagrupe yangu yote tatu nikaandika Bunkeya, Likasi, 1952, na mu moya wapo muntu wa Nairobi alijibu kama bibi yake alikuwa na ile diske na hakujua ilitoka kwetu.

Niko pia na karnet, ya karatasi, haina ya telefone juu telefone inaibiwa. Kila kintu nilipartaje ninaandika mustari moya: tarehe, jina, mahali, linki, na nani alinipa. Sasa iko na kurasa karibu arobaini. Kule kuko kavideyo kamoya ka karindula nilipata mwezi uliopita, arusi, vumbi mingi, bamama wanacheza na viatu mu mikono, na mwenye kupiga ni kijana mwenye kofia ya njano mwenye sijapata kuona akipiga vile. Mahali niliijua kwa ukuta ya shule yenye inaonekana nyuma, ni Katuba. Pa fashi ya jina kuko alama ya kuuliza bado. Nilimutumia papa wa Kamalondo mbele ya kutia mu grupe, kipande ya sekonde thelathini, akajibu kwa vokale kama kijana hamujue, lakini ile pipa anaijua, anajua na mwenye aliitengeneza, na siku ya posho (Jumamosi) ataenda kumuuliza.